Ukitaka Kuwafundisha Watu Ubongo, Anza na Muhogo

Miaka hii imezuka kazi mpya duniani. Mtu anasoma sayansi ya ubongo, anaandika kitabu, kisha anazunguka kumbi akiwaeleza watu jinsi ya kukumbuka zaidi, kutuliza akili na kufikiri upesi. Wengine wanalipwa vizuri. Kazi hiyo inawezekana hata Kabambare, jimboni Maniema, na haimngoji profesa. Mwalimu wa biolojia anaiweza, muuguzi wa kituo cha afya anaiweza, hata kijana aliyekwisha pata diploma yake ya Serikali na bado anatafuta njia ya kufika chuo kikuu Kindu. Suti si lazima, projekta pia. Kinachotakiwa ni kujua jambo la kweli, kulisema kwa Kiswahili cha nyumbani, na kurudi baadaye kuangalia kama limewafaa watu.

Wengi wanaoanza kazi hii hukosea mlango. Wanatazama hotuba ya Mmarekani kwenye simu, wanainakili, wanawaletea watu wa Kabambare mbinu za kukumbuka majina ya wageni karamuni. Mbinu za kukumbuka zina mahali pake, nitazifikia. Lakini kwetu ubongo unaanza jikoni, kwa hiyo anza na muhogo.

Mfano wa kufuata upo, na ni Mkongomani. Désiré Tshala-Katumbay ni daktari wa neva aliyetokea Kinshasa, kisha akawa mtafiti katika chuo kikuu cha tiba cha Oregon, Marekani. Angeweza kutumia miaka yake kuchunguza maradhi ya wazee wa nchi tajiri, ambako fedha za utafiti ni nyingi. Yeye alirudi kwenye konzo. Ugonjwa huo uliandikwa kwa mara ya kwanza na daktari Giovanni Trolli mwaka 1938, huko Kwango. Mtu, mara nyingi mtoto au mama aliye katika umri wa kuzaa, anaamka mzima, na kabla siku hazijapita nyingi miguu yote miwili imekakamaa. Haiponi tena. Chanzo chake ni muhogo mchungu usiolowekwa vya kutosha, unaoliwa siku hadi siku na mtu ambaye sahani yake haina maharagwe, samaki wala nyama.

Mwaka 2013, Tshala-Katumbay, Michael Boivin wa chuo kikuu cha Michigan State na wenzao walichapisha matokeo ya vipimo walivyowafanyia watoto wa Kahemba, huko huko Kwango. Watoto wenye konzo walionekana wamepungukiwa pia katika kukumbuka na kujifunza. Hilo pengine lilitarajiwa. Jambo ambalo kila msemaji wa ubongo katika Kongo angepaswa kulijua kwa moyo ni lile la pili: watoto wa nyumba hizo hizo waliokuwa wakitembea vizuri, wakicheza mpira, wasiokuwa na dalili yoyote miguuni, nao walipata alama za chini kuliko watoto wa kijiji cha jirani kisichokuwa na konzo. Sumu ilikuwa imegusa akili bila kugusa mwendo. Mtoto wa namna hiyo akifika darasani ataitwa mvivu.

Eleza watu jinsi inavyotokea, kwa sababu mtu akielewa njia ya jambo hashurutishwi kulikariri. Muhogo mchungu una kitu ambacho, mzizi ukikatwa au kusagwa, hutoa sianidi. Kuloweka siku tatu au zaidi kunaiondoa, na jua nalo linasaidia. Sianidi inayobaki, mwili huigeuza kuwa kitu kisicho kikali sana, lakini kwa kazi hiyo unahitaji salfa, na salfa hiyo inatoka kwenye vyakula vyenye protini: maharagwe, ndagala, mayai, nyama. Mtu anayekula bukari na sombe peke yake kila siku ana sumu zaidi na silaha pungufu. Huko Bandundu watafiti waliona konzo ikifuata biashara: muhogo ulipopata wanunuzi wa haraka, siku za kuloweka zilipungua. Sehemu yoyote yenye haraka ya fedha iangaliwe kwa jicho hilo, na mtu wa Salamabila anajua haraka ya fedha ni nini tangu dhahabu ya Namoya ianze kuvuta watu. Mimi sisemi konzo iko Kabambare. Imekwisha andikwa Kivu ya Kusini, kwa jirani, na vita na uhamaji ni mambo inayoyapenda.

Sasa utasimama mbele ya akina mama kuzungumzia muhogo. Chunga ulimi. Mama wa Kabambare hangoji kijana mwenye kaye na biki aje kumfundisha kupika alichopika tangu utotoni, na ukianza kwa kumwambia anakosea umemaliza kazi yako siku hiyo hiyo. Anza kwa kuuliza: “Mama, kwenu mnaloweka siku ngapi? Na wakati wa njaa, au wakati wa kukimbia, mnaloweka siku ngapi?” Jibu la swali la pili ndilo somo, na atakuwa amelitoa mwenyewe. Wewe ongeza tu kile ambacho hakijui: siku ile iliyokatwa ina bei, na anayeilipa ni mtoto shuleni.

Kama siku haziwezi kurefushwa, kuna njia ya kuokoa unga. Aliyeibuni ni Howard Bradbury wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, na imejaribiwa Popokabaka, Kwango, kwa kushirikiana na mpango wa taifa wa lishe. Weka unga ndani ya beseni, tia alama ubavuni pale unga ulipofikia. Mimina maji ukikoroga. Unga utashuka kwanza, kisha utapanda. Ukirudi kwenye alama, acha. Utandaze juu ya mkeka, uwe mwembamba, usizidi sentimita moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini, sianidi itoke hewani. Halafu pika bukari siku hiyo hiyo, usiuweke. Fanya hivyo mbele ya watu kwa beseni na unga halisi, na mpe mama mmoja ashike mwiko. Usieleze kwa mdomo tu.

Baada ya muhogo, chandarua, au mustikeri kama wengi wanavyokiita. Watafiti waliofuatilia watoto wa Mulago, Kampala, na kuchapisha mwaka 2008, waliona kwamba miaka miwili baada ya kupona malaria iliyopanda kichwani, mtoto mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu katika kufikiri, kukumbuka au kukaza fikra. Kwa watoto wa jirani zao ambao hawakuugua hivyo, waliopungukiwa walikuwa chini ya mmoja kati ya kumi. Mzazi anajua kwamba malaria inaua. Ambacho hajaambiwa ni kwamba inaweza kumrudishia mtoto nyumbani akiwa mzima wa mwili, na hesabu zimemtoroka. Kwa hiyo degedege si shauri la kuitisha wazee usiku kucha. Ni la kukimbilia hospitali usiku huo huo. Sema hivyo bila kupunguza maneno.

Chumvi ni fupi zaidi. Madini joto yakikosekana wakati wa mimba, ubongo wa mtoto haujengeki sawasawa, na Shirika la Afya Duniani linalihesabu tatizo hilo kuwa sababu kubwa kuliko zote ya uharibifu wa ubongo unaoweza kuzuiwa. Kisiwa cha Idjwi, katika ziwa Kivu, kinajulikana katika vitabu vya tiba kwa sababu ya utafiti wa rovu uliofanyika hapo, na muhogo ulitajwa tena, kwa kuwa masalio ya sianidi huzuia tezi ya shingo kushika madini joto yale machache yaliyopo. Nunua chumvi yenye madini joto, ifunike vizuri, itie chunguni mwishoni mwa kupika. Zaidi ya hapo hakuna la kusema.

Surua nayo, kwa kuwa inaweza kugusa ubongo, iweke ndani ya orodha, na hapa una hadithi ya nyumbani. Katika miaka ya 1970 Taasisi ya Tiba ya Kitropiki ya Antwerp ilishirikiana na hospitali ya Kasongo kujenga vituo vya afya na kuhesabu kwa makini nani anaishi na nani anakufa. Mwaka 1981 kikundi hicho kilichapisha katika gazeti la kitabibu la Lancet makala kuhusu chanjo ya surua Kasongo. Kiliuliza swali ambalo wengi wangeogopa kuliuliza: mtoto aliyekingwa na surua anabaki hai kweli, au anachukuliwa baadaye na ugonjwa mwingine? Waganga na wachumi wa afya walibishana juu ya jibu lake miaka mingi. Mimi nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha kwamba Kasongo ni jina la sayansi pia, si jina la mfanyabiashara Tippu Tip na pembe za ndovu peke yake, na kwamba watu waliofanya kazi hapo walikubali kupima hata kile walichokuwa wanakiamini.

Sasa mbinu za kukumbuka. Wasikilizaji wako wa kwanza kwa jambo hili ni wafinalisti wanaojiandaa kwa Exetat, mtihani wa Serikali wa kumaliza sekondari, na ugonjwa wao ni mmoja: wanasoma na kusoma tena. Wanafungua kaye, wanapitisha macho, wanapiga mstari chini ya maneno, wanarudia. Macho yanazoea ukurasa, na mwanafunzi anadhani kwamba kuuzoea ndiko kuujua.

Kuna jaribio la kuwaonyesha, na litakuwa moyo wa kazi yako, kwa hiyo lijifunze vizuri. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, huko Marekani, waliwapa wanafunzi habari fupi ya kusoma. Kundi moja liliisoma mara nne. Kundi jingine liliisoma mara moja, kisha likaambiwa lieleze mara tatu yale liliyoyakumbuka, bila kutazama. Baada ya dakika tano, waliosoma mara nne waliongoza: asilimia 83 kwa 71. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka. Waliosoma mara nne walibaki na asilimia 40. Waliojitesa kukumbuka walikuwa na 61.

Unaweza kulifanya jaribio hilo Kabambare bila umeme. Andika habari ya mistari kama 12, jambo lisilojulikana na wote. Kwa mfano jinsi neva moja inavyopeleka habari kwa nyingine. Ligawe darasa pande mbili, upande wa dirisha na upande wa ukuta. Wa dirishani wasomewe mara nne. Wa ukutani wasomewe mara moja, kisha wafunge makaye, kila mmoja amweleze jirani yake mara tatu. Uliza maswali kumi papo hapo, andika alama ubaoni. Upande wa dirisha utashangilia. Waache washangilie, usieleze kitu, nenda nyumbani. Rudi baada ya siku saba na maswali yale yale. Idadi ya darasa moja ni ndogo, na huenda pengo lisiwe kubwa kama lile la Marekani. Siku mbaya linaweza hata lisionekane. Ukiona hivyo, sema hivyo hivyo mbele yao na fanya tena kwenye darasa jingine. Likionekana, hutahitaji kumshawishi mtu.

Kutoka hapo mashauri yanajileta. Maswali ya Exetat za miaka iliyopita yasitunzwe kwa ajili ya mwezi wa mwisho. Ndiyo yawe njia ya kusoma tangu mwanzo wa mwaka. Ukimaliza ukurasa, funga kaye, andika kwenye karatasi tupu yote uliyobaki nayo, kisha fungua ulinganishe. Asiye na karatasi amweleze mdogo wake. Mdogo akiuliza “kwa nini?” na ukakosa jibu, umejua pa kurudia.

Kuhusu kutawanya masomo kwa siku nyingi, Hermann Ebbinghaus alijipima mwenyewe huko Ujerumani na kuchapisha mwaka 1885 jinsi mambo yanavyosahaulika upesi mwanzoni, kisha polepole, na jinsi kurudia kwa vipindi kunavyoushinda usahaulifu kuliko kurudia kwa mkupuo. Kasongo haikumngoja Ebbinghaus. Mwanafunzi wa chuo cha Kurani anajua kwamba kabla ya kupewa aya mpya anasikilizwa ya jana, na ya wiki iliyopita, na kwamba anayeacha kudurusu anapoteza hata alichokipata kwa fimbo. Kudurusu kwake ni kwa kusoma kwa moyo, mbele ya mwalimu anayemsahihisha hapo hapo. Ni mbinu zote mbili za maabara kwa pamoja: kutawanya na kujipima. Ukizungumza na vijana Waislamu, wakumbushe kwamba wanachofanya kwa Kurani hawakifanyi kwa fizikia, na waulize sababu. Ukizungumza na Wakatoliki, katekisimu yenye maswali na majibu itakusaidia vivyo hivyo.

Kisha kuna mbinu ya mahali, ile inayowapa sifa washindi wa mashindano ya kukumbuka. Wazungu wanaanzia kwa Wagiriki wa kale. Wewe anzia karibu. Waluba, kusini mwetu, wana lukasa, kibao cha mti chenye shanga na alama, ambacho wajuzi wa chama cha Mbudye walikigusa kwa kidole huku wakisimulia wafalme, safari na mipaka. Walega wa Pangi na Shabunda wana mutanga, kamba iliyofungwa vitu vidogo vidogo, manyoya, magome, makombe, kila kimoja kikibeba methali yake. Walijua kwamba kumbukumbu inapenda kitu cha kuonwa na mahali pa kukaa.

Fundisha hivi. Mwanafunzi achague njia anayoijua macho yakiwa yamefumbwa: mlango wa nyumba yao, mwembe, kisima, mashine ya kusaga, kanisa au msikiti, shule. Majimbo ya nchi tangu 2015 ni 26, na yanasumbua watu. Mlangoni aiweke Kinshasa, bendi nzima ikipiga muziki hadi mlango haupitiki. Kwenye mwembe aweke Kongo-Kati, meli ya Matadi imenasa matawini. Kisimani Kwango, na kuendelea. Picha iwe ya ajabu au ya kuchekesha, kwa sababu picha ya kawaida hutoroka. Mwaka 2017 watafiti wa Ulaya waliwazoeza watu wa kawaida mbinu hii nusu saa kwa siku kwa siku 40. Walioanza wakikumbuka chini ya maneno 30 kati ya 72 walimaliza wakikumbuka zaidi ya 60. Lakini mbinu hii ni ya orodha tu. Haimfanyi mtu aelewe hesabu ya vektori, na usimwahidi hivyo.

Usingizi usiusahau, maana ndiko wafinalisti wanakojiumiza. Wiki ya mtihani wanakesha kwa torshi, wanatafuna kola, wanaingia ukumbini macho mekundu. Tangu jaribio la John Jenkins na Karl Dallenbach la 1924 imejulikana kwamba aliyejifunza akalala hukumbuka zaidi kuliko aliyejifunza akabaki macho kwa muda ule ule. Ubongo hupanga mambo ya mchana wakati mwenyewe amelala. Kijana wa umri huo anahitaji saa 8 hadi 10. Mwambie asome jioni, ajipime kabla ya kulala, alale, ajipime tena alfajiri. Kola aiachie arusi.

Na kuna watu ambao hawakumbuki kwa sababu nyingine. Sehemu za Kabambare zimeona bunduki, vijiji vimehama, watoto wameona wasiyopaswa kuona. Mtoto anayeshtuka kila mlango ukigongwa hana nafasi ya kushika kanuni za sarufi. Usimpe mazoezi ya ubongo, usimuite mzembe mbele ya wenzake, na usijifanye daktari wa roho. Mjue muuguzi au mhudumu anayeshughulikia mambo hayo katika zoni yako ya afya, na mpeleke mtu huko kimya kimya.

Nimefika kwenye uongo wa kazi hii, na ni mwingi. Ukisikia mtu anasema tunatumia asilimia 10 tu ya ubongo, mshike hapo hapo. Ubongo ni kama asilimia 2 ya uzito wa mwili na unakula karibu asilimia 20 ya nguvu zake. Mwili hauwezi kulisha kitu cha gharama hiyo kikae bure. Yeyote aliyemwona mzee aliyepatwa na kiharusi anajua jinsi sehemu ndogo ikiharibika inavyobeba mkono, au usemi. Ukisikia kwamba kuna watoto wa macho, watoto wa masikio na watoto wa mikono, na kila mmoja afundishwe kwa mlango wake, jua kwamba wataalamu walioupitia ushahidi mwaka 2008 hawakuona wa kutosha kuunga mkono ufundishaji wa namna hiyo. Michezo ya simu inayodai kuongeza akili? Januari 2016 kampuni ya Marekani inayouza michezo ya Lumosity ilikubali kulipa dola milioni 2 baada ya wakala wa serikali kuishtaki kwa kudanganya wateja kwamba michezo hiyo itawainua shuleni, kazini na kuwakinga na usahaulifu wa uzee.

Hata waandishi wakubwa huanguka. Jonah Lehrer alikuwa nyota wa uandishi wa ubongo Marekani, vitabu vyake vikiuzwa sana. Mwaka 2012 iligundulika kwamba alibuni maneno na kuyaweka kinywani mwa mwimbaji Bob Dylan. Kitabu chenye maneno hayo kikaondolewa sokoni, kazi yake kwenye gazeti la The New Yorker ikaisha. Kabambare hakuna gazeti litakalokufuatilia hivyo, na ndiyo hatari yenyewe: unaweza kudanganya miaka kumi bila kukamatwa. Kwa hiyo weka kaye moja ya siri za kazi. Kila jambo unalosema mbele ya watu liandike humo: nani aligundua, mwaka gani, kwa watu gani. Ukikosa cha kuandika, usilitamke.

Kuhusu namna ya kusema, dakika 20 zinatosha, na jambo moja kwa siku linatosha. Kabla ya mahali popote, pitia kwa chifu, kwa mkuu wa shule, kwa padri au imamu. Bila wao utaitwa muuza dini mpya. Siku ya kliniki ya wajawazito ni bora kuliko ukumbi, kwa sababu akina mama wapo tayari, wanangoja, na jambo lenyewe linawahusu. Baada ya sala ya Ijumaa au misa ya Jumapili watu wana njaa. Kuwa mfupi zaidi. Redio inafika mbali, lakini haikuonyeshi nani amesinzia, kwa hiyo iendee baada ya kuzoea nyuso. Kifaransa kiache kwenye majina ya mitihani. Mtu akikuuliza usilolijua, andika swali lake, mwambie utamletea jibu siku fulani, na siku hiyo ulilete.

Kitabu kitafuata chenyewe, na kiwe kidogo. Kurasa 16 za Kiswahili, zenye michoro ya beseni na mkeka, chandarua na kaye iliyofungwa, zinafotokopiwa kwa bei ya mtu wa soko. Kabla hujachapa, msomee mtu asiyejua kusoma, kisha mwambie akueleze yeye. Pale anapokosea, sentensi yako ndiyo mbovu, iandike upya. Faida yake haitakutajirisha. Shule zinaweza kukuchangia usafiri, mashirika yanaweza kukuajiri kwa mafunzo, na hiyo ni halali. Siku atakapokuja mtu na vidonge vya akili, akitaka uviuze mwishoni mwa hotuba kwa kugawana faida, mkatalie mbele ya watu, kwa sababu usipofanya hivyo hata maneno yako ya chumvi hayataaminiwa tena.

Kama uko Kabambare au Kasongo na umesoma hadi hapa, wiki hii nenda kwa muuguzi mkuu wa kituo kilicho karibu nawe. Muombe dakika 20 za kliniki ijayo, na muombe papo hapo dakika nyingine 20 za wiki itakayofuata, ili urudi kuwauliza akina mama wamekumbuka nini.